Kurasa Kumi na Mbili za Marekani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa vitu vitatu: boksi la chaki, daftari la mahudhurio na kitabu kimoja cha historia ya Marekani. Shule ilikuwa ya bweni, nje kidogo ya mji wa Bunda, na mimi ndiye niliyekuwa mwalimu pekee wa Historia wa kidato cha tano na cha sita. Mkuu wa Shule, mtu mrefu aliyevaa kaunda suti ya kijivu kila Jumatatu, alinipa kitabu kile kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo Marekani yetu, Mwalimu Mafuru," alisema. "Nakala ni moja tu. Ikipotea, Marekani nayo imepotea."

Nilikifungua palepale. Katikati, kuanzia ukurasa wa mia moja na kumi na tatu, karatasi sita zilikuwa zimenyofolewa. Kurasa kumi na mbili hazipo.

"Mkuu, hapa pamechanwa."

"Najua. Wanafunzi wa zamani walikuwaga wanachana, wanaenda kusomea bwenini. Wewe si umetoka chuo juzi? Jaza mwenyewe."

Nikajaza.

Ninyi mnaoanza ualimu leo mna simu, na jibu la lolote mnalipata kabla chai haijapoa. Enzi zetu mwalimu ndiye aliyekuwa kitabu. Kabla ya muhula kuanza uliandaa azimio la kazi, yaani mpangilio wa mada zote wiki kwa wiki, na kwa kila kipindi ukawa na andalio la somo, ambalo mkaguzi angeweza kulidai wakati wowote. Kisha zilikuja nukuu za somo, ambazo kila mtu aliziita notsi, na hizo uliziandika ubaoni mpaka mkono ukafa ganzi. Muhtasari wa kidato cha sita ulitaka tufundishe Marekani: mashamba ya pamba, utumwa, vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hali ya watu weusi baada ya vita. Ramani ya ukutani hatukuwa nayo. Nilishona pamoja mifuko miwili ya kitambaa ya unga wa ngano, nikachora majimbo kwa wino, na jina la kiwanda cha unga likawa linaonekana kwa mbali katikati ya bahari.

Zile kurasa kumi na mbili zilikuwa zinaeleza jinsi utumwa ulivyokwisha. Nilikaa nikavuta kumbukumbu za chuo, na palipokuwa na giza nikapaangazia mwenyewe. Niliandika, kwa Kiingereza nilichojivunia sana, kwamba rais wao alitoa tangazo wakati wa vita na siku hiyohiyo watumwa wote wa Marekani wakawa huru. Niliipenda sentensi hiyo. Nilipofika kwenye neno "wote" nilikuwa napiga meza, na darasa zima linashtuka. Watoto wa wakulima wa pamba wa Bunda walikuwa wananisikiliza midomo wazi, kwa sababu pamba waliijua, na kazi ya jua kali waliijua. Nilidhani huo ndio ualimu.

Baada ya miaka saba nilihamishiwa Musoma. Matokeo ya wanafunzi wangu yalikuwa mazuri, na jina likatangulia kabla sijafika. Hapo mjini palikuwa na Kituo cha Walimu, jengo lenye vyumba viwili ambamo walimu wa somo moja walikutana wakati wa likizo kunolewa. Ndizo semina zetu za wakati huo. Kituo kilikuwa na kabati la vitabu, ramani tatu za Afrika, na mashine ya kurudufu. Maandishi uliyapiga kwa taipu juu ya stensili, karatasi yenye nta, ukaifunga kwenye mashine na kuzungusha mpini, nakala zikatoka zinanuka wino. Ukikosea herufi unapaka dawa nyekundu, unangoja ikauke, unapiga tena juu yake. Nayaeleza haya ili mjue kwamba kusahihisha kulikuwa kunawezekana.

Afisa Taaluma wa Mkoa alikuwa mtu mfupi asiyependa mabishano. Alizichukua notsi zangu za Marekani, akazipekua huku amesimama, akasema, "Mwalimu Mafuru, hizi ndizo zitakuwa msimamo wetu. Sitaki kila shule iwe na Marekani yake."

Zikarudufiwa. Zikaenda Bunda, zikaenda Butiama, zikaenda kila shule iliyokuwa na kidato cha sita. Mimi nikafanywa mwezeshaji, mtu anayesimama mbele kuwafundisha walimu wenzake, na ndiye pia niliyetunga mtihani wa utamilifu wa Historia, ule wa kujipima kabla ya mtihani wa taifa, ambao wanafunzi wanauita moko, pamoja na mwongozo wake wa usahihishaji. Walimu wakaanza kuniita Mzee wa Marekani, nami sijawahi hata kuuona uwanja wa ndege. Kichwa kilivimba, sitaki kuwaficha.

Madam Nyangeta alikuja kwenye semina ya mwaka wa pili. Alikuwa ametoka chuo kikuu karibuni, amepangiwa shule moja upande wa Butiama. Mwembamba, sauti ya chini, wala hakuwa na majivuno yoyote. Nilipopiga meza kwenye neno langu la "wote", yeye akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu. Nilivyosoma mimi, lile tangazo liligusa majimbo yaliyoasi tu. Yale ya mpakani, yaliyobaki upande wa serikali, hayakuguswa, na mengine yaliendelea kuwa na watumwa mpaka walipobadilisha katiba."

Niliweka chaki chini taratibu, nikamuuliza, "Madam, umekuja kujifunza au umekuja kutufundisha?"

Walicheka. Watu wazima thelathini, walimu, walimcheka. Naye akaketi.

Wakati wa chai alinifuata na kitabu chenye jalada gumu alichokinunua alipokuwa chuoni. "Mwalimu, usinielewe vibaya. Kaa nacho, utanirudishia semina ijayo. Kina kila kitu, hakijachanwa kama kile cha Bunda ulichotusimulia."

Nilikisoma Jumamosi mchana, nyumbani kwangu Kigera, nimeketi barazani. Nina mazoea ambayo kila aliyepita mikononi mwangu anayajua: nikisoma nashika penseli, na sentensi iliyonigusa naipigia mstari mfupi chini, kisha naweka alama ya vema pembeni. Nilizisoma kurasa zote nilizozikosa kwa miaka ile yote. Madam Nyangeta alikuwa sahihi. Jambo lenyewe liliandikwa waziwazi, katika aya mbili. Nilifunga kitabu nikabaki naangalia kuku wa jirani wakichakura.

Ningeweza kupaka dawa nyekundu. Notsi zilikuwa zinarudufiwa upya kila mwaka na stensili ilikuwa mikononi mwangu. Lakini niliwafikiria wale thelathini waliocheka, nikajiona nimesimama mbele yao nawaambia kwamba walimcheka mtu mwenye haki kwa sababu yangu. Nikashindwa. Nilimrudishia kitabu ndani ya bahasha, nikamwambia, "Asante, Madam, kitabu kizuri." Alinitazama kidogo, akangoja, halafu akakipokea.

Mwaka huo niliweka swali la tangazo lile kwenye moko, na mwongozo ukabaki vilevile. Wasahihishaji walifuata mwongozo, kama inavyotakiwa. Wanafunzi kumi na wanne wa Madam Nyangeta waliandika kuhusu majimbo ya mpakani na mabadiliko ya katiba, wakapata sifuri kwenye swali lenye alama ishirini. Shule yake ikawa ya mwisho kimkoa katika Historia. Aliyelalamika wa kwanza alikuwa mkuu wake wa shule, na aliyemlalamikia alikuwa Madam Nyangeta mwenyewe.

Tuliitwa ofisini kwa Afisa Taaluma asubuhi moja: mkuu wa shule yake, yeye na mimi. Madam Nyangeta alikaa kwenye benchi la ukutani, mkoba wa kitambaa uko magotini, ameushika kwa mikono miwili.

"Huyu anafundisha vitu vyake," mkuu wa shule alisema. "Notsi za mkoa zipo, hazifuatagi."

Afisa akanigeukia. "Mwalimu Mafuru, wewe ndiye mtaalamu wetu. Mimi Marekani siijui. Notsi ziko sawa au haziko sawa?"

Madam Nyangeta aliniangalia. Hakukasirika, hakuomba. Aliniangalia tu.

"Ziko sawa, mkuu," nikasema.

Aliteremsha macho kwenye mkoba wake. Barua ilitoka kabla ya muhula kwisha. Aliondolewa kidato cha sita, akapelekwa shule ya kutwa Bugwema kufundisha Uraia kidato cha kwanza na cha pili, kwa maelezo kwamba anahitaji kukomaa. Semina za Historia hakuitwa tena. Mimi niliitwa kila mwaka, mpaka Kituo kikaishiwa karatasi, mashine ikafa, na vyumba vile viwili vikawa stoo ya viti vibovu.

Nilistaafu nikiwa na vyeti vya shukrani saba na saa ya ukutani. Kwenye sherehe ya kuniaga mwalimu kijana alisema nimeulea mkoa mzima kwa kalamu moja. Watu wakapiga makofi, na mimi nikawa naikagua ile saa ya ukutani.

Nilidhani yamekwisha. Mwaka jana mjukuu wangu Neema, anayesoma kidato cha sita, alinionyesha simu. "Babu, si wewe huyu?" Zilikuwa notsi zangu, mtu amezichapa upya kwenye kompyuta na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp, zina jina langu juu. Niliteremka mpaka kwenye sentensi ile. Watumwa wote, siku hiyohiyo. Neema aliniambia wanazitumia shule nyingi, si za mkoa wetu wa Mara peke yake.

Nilimwomba aniingize kwenye kundi la walimu wa Historia. Niliandika marekebisho kwa vidole hivi vizito, mchana kutwa. Nilijibiwa, "Shikamoo mzee wetu, barikiwa sana," na vidole gumba kumi na saba. Wiki mbili baadaye mtu mwingine alizituma notsi zilezile kwa walimu wapya, bila kugusa hata nukta.

Nikapiga moyo konde. Niliandika marekebisho yale kwenye karatasi kwa mkono wangu, nikaweka sahihi, nikaenda Suguti, ambako niliambiwa Madam Nyangeta anafundisha sasa. Nilimkuta katika chumba cha walimu anasahihisha madaftari ya Uraia. Nywele zimeingia mvi. Alisimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Madam." Nilibaki nimesimama. Nilimweleza yote, kwamba kitabu nilikisoma, kwamba nilijua kabla ya moko, kwamba nilijua siku ile ofisini. Nikamwomba msamaha.

"Nilijuaga, Mwalimu," alisema.

"Ulijuaje?"

"Kitabu kilirudi na penseli yako. Mstari chini, vema pembeni. Palepale penyewe."

Nilitafuta kiti nikakaa.

"Na siku ile kwa Afisa nilikuwa nacho kwenye mkoba," aliendelea. "Nilisema moyoni nisikitoe. Nikikitoa nitamwaibisha mzee. Ngoja, atasema mwenyewe."

Nilimsogezea ile karatasi. Aliisoma yote, taratibu, jinsi inavyosomwa kazi ya mwanafunzi, kisha akanirudishia.

"Mimi umeshaniambia, yameisha. Lakini kuna wale watoto kumi na wanne. Waliniamini, wakaandika nilichowafundisha. Wawili wazazi waliwaondoa shule kwa ajili ya ile moko, walisema hawa wameshindwa, warudi kwenye ng'ombe. Hao karatasi utawapelekea wapi?"

"Unawakumbuka?"

"Wote."

Nikatoa penseli, nikaigeuza karatasi upande wa nyuma. Akaanza kunitajia, jina na kijiji alikotoka kila mmoja, bila kusitasita, na mimi naandika. Hakuna hata mmoja niliyewahi kulisikia jina lake. Alipofika la tisa kengele ikalia. Akachukua chaki na rula yake, akaniambia nimngoje, ana vipindi viwili mfululizo.

Nilingoja kipindi kimoja. Kupitia dirisha nilikuwa naisikia sauti yake ileile ya chini, anafundisha wajibu wa raia. Nikakunja karatasi nikaondoka kabla hajatoka. Mpaka leo ninayo, ina majina tisa, na matano sijarudi kuyafuata.