Ufuta wa Miono na Mnunuzi Mmoja

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya msimu wa ufuta ambayo nikiikumbuka, mpaka leo, naacha ninachokifanya na kukaa kitako. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili. Mimi na shoga yangu Rehema tulikuwa na kampuni ndogo hapa Dunda. Tulinunua ufuta wa wakulima wa Miono, tukauchekecha, tukautia kwenye magunia na kuupeleka ng'ambo. Rehema alikuwa mzaliwa wa Miono, na mama yake, Bi Chausiku, ndiye mkulima wa kwanza kutuamini.

Mnunuzi wetu alikuwa mmoja tu, katika nchi moja ya mbali. Alikuwa mtu mwema, sitamsingizia. Kila mwaka alichukua zaidi ya mwaka uliopita, mpaka akasema atapokea chochote tutakachompelekea. Mimi nikalewa. Nilikwenda Miono, nikasimama mbele ya wakulima, nikawaambia wapande ufuta kila mahali, hata penye mihogo. Bi Chausiku aling'oa mihogo yake siku ile ile, nami nikainama nikamsaidia kuing'oa. Nilivyokuwa na furaha siku hiyo, naona haya kukusimulia.

Sasa asubuhi ninayoisema, Rehema alikuja ghalani na redio yake ndogo. Alikuwa akisikiliza taarifa ya habari kama wenzake wanavyosikiliza taarabu.

“Shoga, ile nchi ya mnunuzi wetu imegombana na jirani yake,” akaniambia. “Meli za mzigo wetu zinapita katikati yao. Yule mfanyabiashara wa Mombasa aliyeomba tani chache, tumpe. Na wakamuaji mafuta wa Dar tuwape kidogo.”

“Hizo ni siasa za watu,” nikamjibu. “Sisi tunauza ufuta.”

“Ufuta wenyewe unapita kwenye hizo siasa, Mwanaidi.”

Nikamwambia azime redio tufanye kazi. Akaizima.

Haikupita miezi miwili, vita ikaanza huko. Meli zikaacha kupita njia ile. Makontena yetu mawili yakakwama bandarini, na mnunuzi akaandika kwa adabu kwamba serikali yake imesimamisha kuingiza bidhaa, tusubiri hali itulie. Nilichukua mkataba wetu nikausoma mara tatu. Haukuwa na neno hata moja juu ya vita, wala juu ya mzigo uliozuiwa njiani. Tuliuandika kama watu wanaodhani kesho itafanana na jana.

Rehema hakunikumbusha maneno yake. Aliuliza tu, “Wakulima tutawaambia nini?”

“Tusiwaambie kitu kwanza,” nikasema. “Huenda mambo yakakaa sawa.”

Mwanangu, vita sikuileta mimi. Lakini ukimya ule ulikuwa wangu. Wiki tatu nzima watu wa Miono waliendelea kuvuna, kukung'uta na kujaza magunia, wakidhani gari letu linakuja. Rehema alishindwa kuvumilia, akaenda kwao akawaambia ukweli. Mimi nilibaki ghalani peke yangu, nimejifungia, nikijifanya napanga makaratasi.

Nilipopata moyo wa kwenda, nilimkuta Bi Chausiku uani kwake, magunia yamepangwa ukutani mpaka karibu na dirisha.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, keti.” Akaniletea maji. Akangoja nimalize kunywa. “Ulituambia soko lipo, tukakuamini. Hukutuambia kwamba ni la mtu mmoja. Ningejua, ningebakiza mihogo.”

Nikakiweka kikombe chini.

“Na ulipojua,” akaendelea, sauti ile ile ya upole, “ulimwacha binti yangu aje peke yake.”

Afadhali angenifokea.

Baada ya hapo nilizunguka. Nilimfuata yule mtu wa Mombasa niliyemkataa, akachukua kidogo, kwa kuwa alikwisha kupata ufuta kwingine. Nilikwenda kwa wakamuaji mafuta wa Dar, nikaenda hata kwa akina mama wanaopika kashata hapa mtaani. Mzigo wa bandarini tuliurudisha. Ilichukua miezi mingi, na kwa bei ya kusikitisha, lakini ufuta wote uliondoka Miono. Mwaka ule watu waliozoea kuchimba mihogo nyuma ya nyumba walinunua unga dukani.

Msimu ulipokwisha, Rehema alinikabidhi funguo zake.

“Mama hajanilaumu hata kidogo,” alisema. “Ndiyo maana siwezi kubaki.”

Alihamia Tanga. Nilitaka kumwomba radhi siku hiyo, nikasema nitamwomba kesho. Miaka imepita, Bi Chausiku amekwisha kufariki, na matangani nilimwona Rehema kwa mbali katikati ya wanawake. Tuliitikiana kwa kichwa tu. Kampuni ipo mpaka leo, ikiwa na wanunuzi wanne katika nchi tofauti. Jioni wafanyakazi wakishaondoka, nakaa ofisini na redio. Nikisikia habari ya kumwambia, nageuka, na kiti cha pili hakina mtu.

Basi wewe uliyesajili kampuni yako juzi, nisikilize. Usitegemee nchi moja, hata ikikupenda vipi. Mnunuzi mdogo wa karibu mpe sehemu yake hata mwaka ambao humhitaji, maana siku utakapomhitaji atakuwa ameshakusahau. Jua mzigo wako unapita wapi na nani anagombana na nani njiani humo. Hiyo ni sehemu ya kazi yako, kama kuchekecha. Mkataba uandikwe mkiwa bado mnacheka: vita ikizuka nani anabeba hasara, mzigo unarudi wapi. Mkulima usimwambie ang'oe chakula chake kwa ajili ya soko ambalo hata wewe hulioni. Na habari mbaya ikifika, ipeleke mwenyewe, siku hiyo hiyo, kwa mguu wako. Kisha yule mwenzako anayekuonya, mwache amalize kusema. Soko lililofungwa niliweza kulitafutia jingine. Rehema sijapata wa kumfananisha naye.

Mungu akubariki katika kazi yako, akuepushe na kiburi cha mwaka mzuri, na kila utakapokosea akupe ulimi mwepesi wa kuomba radhi, mwenzako angali yupo karibu.