Jina la Kwanza Lililonitoka

Wakubwa shikamooni, wadogo, marahaba. Mimi ni Mama Kulwa, muuza mchele wa Kagongwa. Nesi ameniomba niongee na wagonjwa wenzangu. Nitaongea, ila nikikwama mtu asinitajie neno. Nachukia.

Kabla ya kuugua nilikuwa na mdomo, wee! Mteja mbishi namtania mpaka ananunua huku anacheka. Presha sikuwahi kupima. Asubuhi hiyo kisogo kiliniuma, mkono na mguu wa kulia vikafa ganzi, sado ya kupimia ikanidondoka, mchele ukamwagika. Mdomo ukaenda upande. Mate yakanitiririka kifuani, mkojo ukanitoka mbele za wateja. Kuna mwanaume alinirekodi kwa simu. Hata leo nikimkumbuka natema mate.

Mguu ulirudi polepole, lakini majina yalikuwa yamenikimbia. Nikiiona sado naijua, ila jina halipo. Nasema, "Nipe ile... ile ya... ile." Mapacha wangu nimewazaa mwenyewe, nikashindwa kuwataja. Mume wangu ni dereva wa malori pale Isaka, alikuwa safarini. Aliyeniogesha na kunifuta mavi ni mama mkwe. Namwita Mayu, ndiyo mama kwa Kisukuma. Jina hilo tu ndilo lililokuwa linanijia.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akasema nimefungwa ulimi. Akanipeleka kwa mganga. Nyumba inanuka mikojo ya mbuzi. Nikanyweshwa maji meusi ya utelezi, yana nywele ndani, yananuka samaki aliyeoza. Nikatapika, nikanyweshwa tena yaleyale. Ptuu! Mganga akasema, "Jina la kwanza litakalomtoka, huyo ndiye aliyemroga."

Nilikuwa nimejichafua, nataka kufutwa. Nikaita, "Mayu!"

Shemeji akajipiga paja. "Nilijua! Macho mekundu yale!" Kwetu macho mekundu ndiyo alama ya mchawi, kumbe ni ya moshi wa kuni, aliokaa nao akimpikia shemeji huyohuyo uji tangu utotoni. Mama aliyemzaa! Nikasema, "Hapana, si hivyo, yule ni... ile..." Neno la kumtetea halikuja. Mganga akasema dawa inafanya kazi.

Shemeji alishapiga simu. Tulipofika nyumbani, vijana wamejaa uani na fimbo na mapanga. Kwetu bibi akishatajwa kuwa mchawi, mnajua kinachofuata. Mayu amekaa na sahani ya ugali wangu na mlenda, hajui hili wala lile. Nikaona maneno hayatanisaidia. Nikajikokota mpaka kwake, nikajilaza mapajani pake, nikafungua mdomo.

Akanilisha. Tonge baada ya tonge, mlenda unanichuruzika kidevuni, nami nawatazama wale vijana machoni. Mtu hawezi kula mkononi mwa aliyemroga, hilo kila mtu kwetu analijua. Ningetapika ule uchafu wa mganga, wangesema ni sumu ya Mayu. Nikameza.

Kijana mmoja akasema, "Aah, huyu si anampenda," akaweka fimbo begani, akaondoka. Wenzake wakamfuata. Shemeji akabaki peke yake na panga lake. Mayu akamuuliza, "Na wewe, utakula?"

Akaliangusha panga, akatoka. Panga likabaki chini.

Mume wangu aliporudi akanileta hospitali hii. Daktari akasema, "Hukurogwa, mama. Ni kiharusi. Maneno yamo kichwani, njia ya kuyafikia ndiyo imeharibika. Kitaalamu tunaita anomia." Akatabasamu, akasema kuna mdudu wa baharini mwenye gamba, jamii ya chaza, wataalamu wamempa jina hilohilo. Akanionyesha picha. Kitu kimenata kwenye jiwe, ndani telezi tupu, kama kamasi. Jamani! Majina yote ya duniani, mimi nichangie na hicho?

Aliyenifundisha upya ni Mayu. Anainua kijiko, "Hiki nini?" Nisipotaja, uji sipewi. Tuligombana sana, tukacheka sana. Sado ilirudi, wanangu wakarudi, na sokoni nikarudi.

Namshukuru Mungu, nawashukuru na waliotutibu hapa. Pimeni presha, ndugu zangu. Mdomo ukienda upande, njooni hospitali siku hiyohiyo, msimpe mtu nafasi ya kuwanywesha uchafu. Maneno mengine bado yananikimbia. Jina la shemeji linanijia vizuri tu, ila silitamki, litanichafua ulimi.

Na yule bibi wa macho mekundu, pale benchi la nyuma, ndiye Mayu. Kabla hamjaondoka, mwamkieni.