Skrini ya Baba na Swichi ya Ukutani

Mtu akikuambia kuchagua skrini ya gemu ni jambo dogo, muulize kama amewahi kumchagulia dereva mzee wa lori. Mimi nimefanya hivyo, na hadi leo nikipita mbele ya maduka ya kompyuta mjini Nakuru damu hunichemka.

Baba alibeba mbao kutoka Elburgon karibu maisha yake yote ya kazi, mpaka kiharusi kilipomshika upande wa kulia. Daktari wa mazoezi alisema mkono utarudi ukitumika kila siku, na ukiachwa utalala moja kwa moja. Akampa mpira mdogo laini awe anaufinya. Baba akauacha ubingirike chini ya kochi, na huko ukakaa. Ukimkumbusha mazoezi, alikuambia yeye si mtoto wa nasari. Hata kuinuka kitini alimwita Mama.

Basi nikamwekea gemu ya malori kwenye kompyuta yangu, na usukani wake mezani. Sikumwambia ni mazoezi. Mwanzoni alikataa, kisha akaanza kumtukana dereva wa mbele, na kabla ya wiki kuisha alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Nilifurahi hadi nikaenda kujificha jikoni. Halafu gemu ikaingia usiku.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ni usiku, Baba."

"Usiku gani wa rangi ya uji? Mimi nimeshuka milima ya Mau usiku. Huko ukizima taa huoni hata mkono wako." Akaachilia usukani. "Sitaki kudanganywa."

Ubaya ni kwamba alikuwa anasema kweli. Skrini yangu ilikuwa ya aina ya IPS. Rangi zake ni nzuri na haichoki, lakini taa yake huwaka nyuma wakati wote, kwa hiyo cheusi chake hakiwi cheusi. Kwenye aina nyingine, OLED, kila nukta hujiwasha yenyewe, na penye giza huzimika kabisa. Lakini OLED ina ugonjwa wake: picha ikikaa mahali pamoja muda mrefu, huacha alama. Na dashibodi ya lori haiendi popote.

Nikaanza kuzunguka madukani, na huko ndiko nilikoteseka. "Boss, beba IPS," aliniambia muuzaji mmoja. "Hii unaeza acha on mpaka Krismasi." Jirani yake akacheka: "Msee, IPS ni ya ofisi. OLED ndio kusema." Nikamwomba huyo wa OLED anionyeshe usiku, kwa sababu skrini zake zote zilikuwa na kasuku na maporomoko ya maji.

"Usiku?" akashangaa. "Nani hununua skrini aangalie giza?"

Mtandaoni ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Watu walibishana kama wanaogombania shamba. Hata binamu yangu wa Kabazi, ambaye hana kompyuta, alinipigia simu kunishauri. Mwishowe nikachoka na wote, nikachukua OLED. Maagizo yake yalikuwa wazi: ukimaliza, iache ilale ikiwa bado na umeme, kwani hujisafisha alama ikiwa imelala. Niliwaeleza wote nyumbani, Baba akitikisa kichwa kukubali.

Usiku ulipoingia kwenye gemu, Baba alisogeza kiti karibu na skrini. "Sasa huu ndio usiku," akasema, na chakula kikapoa mezani.

Baada ya muda nilifungua kazi zangu kwenye skrini ile, ukurasa mweupe, na hapo katikati nikaona mzingo hafifu wa kipima mwendo, na usukani chini yake. Nilitaka kulia. Nikachunguza mipangilio yake: skrini haikuwa imejisafisha hata mara moja. Kila ilipolala, mtu aliikatia umeme.

Sisi huku tunazima ukutani. Stima ikipotea hurudi kwa kishindo, na kila nyumba ina friji au redio iliyowahi kuuawa hivyo. Kwetu anayezunguka akizima ni Mama, kwa hiyo sikuhitaji kupeleleza.

"Mama, nilisema nini kuhusu ile swichi?"

"Swichi gani? Hiyo mashini yenu mimi hata sishiki."

Sikumwamini. Nikabandika seloteipu juu ya swichi, na kesho yake nikaikuta imebanduliwa, imefinyangwa juu ya meza. Nikamrudia Mama kwa maneno makali. Aliendelea kuchambua maharagwe, na hilo lilinikera zaidi.

Nikabandika nyingine. Jioni hiyo nilisimama kwenye mlango wa jikoni na chai yangu, nimshike akienda kuzima. Mama alikuwa nyuma yangu, kwenye jiko. Sebuleni Baba alimaliza safari, akaegesha lori. Hakumwita mtu. Alishika ukingo wa meza, akainuka. Swichi iko chini, karibu na sakafu. Akainama, mkono wa kushoto ukiwa umeng'ang'ania meza, kwa hiyo uliobaki ni wa kulia. Vidole viliitafuta seloteipu, vikaikwaruza, vikaikosa, vikaikwaruza tena mpaka ikabanduka. Swichi ikalia tak.

Akageuka, akaniona.

"Lori halilazwi betri ikiwa bado imeungwa," akasema akihema. "Nani alikufundisha kazi?"

Nilikuwa na hotuba nzima tayari. Nilimeza chai, nikageuka kumwomba Mama msamaha. Bado nilikuwa na hasira, nisidanganye, ila sikujua tena nimkasirikie nani.

Kesho yake nikarudisha IPS kwenye meza ya Baba, nikapeleka OLED chumbani kwangu na alama yake. Usiku ulipoingia kwenye gemu, alisonya.

"Umerudisha uji."

"Ile imeharibika, Baba."

"Vitu vyenu vya siku hizi." Nilidhani ataachilia usukani, lakini lori lilikuwa na mali ya watu, na mali ya watu haiachwi njiani. Akaendesha akilalamika safari nzima.

IPS haijali ukiizima ukutani. Lakini kabla hajamaliza safari nilipita nyuma ya kiti chake, nikabandika seloteipu mpya juu ya swichi. Mara hii niliweka tabaka mbili.