Kompyuta ya Kuingia Kikapuni

Miaka ile ya vyama vingi watu walisusiana hata mazishi. Mimi na kaka yangu hatukuhitaji chama. Tuligombana kwa boksi la kompyuta.

Kazi yangu ilikuwa kupiga na kuhariri video za harusi, upande wa wanawake. Kwetu Pemba picha hizo, watu wakiwa vichwa wazi, hazitoki nyumbani kwa bibi harusi. Basi kompyuta ndiyo huzifuata picha. Nilitaka yenye nguvu kwelikweli, lakini ya kuingia kikapuni, niibebe mwenyewe bila kuita wanaume.

Kaka, fundi wa kompyuta pale mjini Chake, hakutaka kusikia.

"Nguvu ni moto," alisema. "Na moto wataka njia ya kutokea. Nikikubania vyote humo, feni ntaiweka wapi, kichwani mwako?"

"Na hilo boksi lako kama kabati, la feni tatu, nani atalibeba?"

"Chukua laptopu."

"Laptopu yako ilinikwamia harusi ya kule Gando, nikaumbuka mbele za watu!"

Alinitengenezea shingo upande. Kiboksi kizuri, feni moja nyembamba.

Ikaja harusi ya kule Wawi. Bibi harusi alikuwa asafiri alasiri kumfuata mumewe Maskati, na video aichukue mwenyewe, kwa sababu mama yake hakuamini mkono mwingine. Madirisha tuliyafunga, maana barazani walikaa wanaume. Joto likapanda, feni ikalia kama cherehani, kompyuta ikazima. Nikaiwasha, ikazima tena. Nilipandwa na hasira.

Nikampigia kaka.

"N'shakwambia mie! Lete diski dukani, boksi langu litamaliza sasa hivi."

Mama mtu alisikia. "Haitoki," akasema. Nikakata simu.

"Basi tufungue madirisha, Bi, ipate upepo."

"Wanaume wamwone mwanangu kwenye kioo cha kompyuta?"

Bibi harusi, aliyekuwa akifukizwa udi, akageuka. "Kwani kioo kikizimwa, yenyewe haifanyi kazi?"

Inafanya! Mwezi mzima nilibishana na kaka juu ya feni na ukubwa, na hilo halikutupitia akilini. Nikaigawa kazi vipande, ili kompyuta ikizima tena kilichokwisha kisipotee. Nikavua mfuniko wa boksi, nikazima kioo, tukajitanda mitandio, tukafungua madirisha.

Sasa hatukuweza kujua imefika wapi. Gari likapiga honi. Mama alivuta tasbihi. Honi ikalia tena, na mjomba wa bibi harusi akagonga mlango: ndege haimsubiri mtu.

Tukafunga madirisha, nikawasha kioo. Vipande vyote vilikuwa tayari isipokuwa cha mwisho, pale mama na mwanawe walipoagana asubuhi.

"Nipeni muda kidogo," niliomba.

"Hakuna muda," mjomba akajibu kutoka nje.

Bibi harusi akachomoa flashi yenye vipande vilivyokwisha, akaifunga kwenye ncha ya leso.

"Kilobaki ndicho n'chotaka wende nacho," mama akasema.

"Hicho kaa nacho weye, mama." Akambusu mkono, akajifunika buibui, akatoka.

Mlango wa gari ukafungwa. Mama akainuka ghafla, akamkimbilia mpaka barazani, katikati ya wanaume wote, na mtandio wake ameuacha kitini.