Fundi wa Mabango Anayemwonea Wivu Mkewe

Saa mbili asubuhi fundi Kolimullah amepiga magoti sakafuni juu ya kitambaa cheupe, tambuu shavuni, mkasi mkononi. Hapa Korangi, Karachi, kila bango la maandamano ya Warohingya limepita kwenye cherehani yake. Ana miaka sitini na moja, na nyuzi ananunua mwenyewe.

Kwa mashati na suruali hupata rupia mia tisa kwa siku, siku ikiwa nzuri. Mabango, yenye majina ya waliouawa kwao Myanmar, ni bure. "Nimtoze nani?" anauliza. "Wafu?"

Sasa huyu mzee, mtu mwema kabisa, sala tano hazimpiti, ila ana ugonjwa mmoja: wivu. Na wivu wenyewe ni juu ya shemeji yake, Zahed, mdogo wa mkewe. Zahed alikaa Malaysia, akarudi na miwani na Kiingereza. Tangu hapo kipaza sauti ni chake. Kwenye vikao yule kuku mzima wa mgeni wa heshima anawekwa mbele ya Zahed. Fundi anapewa mchuzi.

"Mimi nashona maneno, yeye anayasoma, watu wanamlilia yeye!" anasema fundi. "Kijijini kwetu Boroikhali katoka hata meno hana. Anakumbuka nini?"

Mwaka huu ndipo wivu ulipanda kichwani. Wanasheria wa ng'ambo, wanaokusanya ushahidi juu ya jeshi la Myanmar, walitaka mtu mmoja aeleze kwa simu ya picha nani waliuawa Boroikhali ilipochomwa, mwaka ule wa 2017. Mtu mmoja tu. Kikao kikawa nyumbani kwa fundi, na fundi, nyumbani kwake mwenyewe, akavaa koti la Idi. Alikuwa na orodha ya watu arobaini na watatu waliouawa, kaitafuta miaka mitatu kwa kupiga simu kambi za wakimbizi Bangladesh. Zahed naye akatoa orodha yake.

Bibi mmoja wa wale wanasheria akasomewa zote mbili. Akauliza kwenye simu, "Huyu 'mke wa Salamat' jina lake nani? Na 'mama Rofik'?"

Unajua, huku kuuliza jina la mke wa mtu ni kukosa adabu; watu wanazeeka mtaa mmoja bila kulijua. Wanawake kumi na sita, na hakuna aliyeandikwa kwa jina lake. Bibi akasema bila majina itakuwa vigumu kuwahesabu.

Zahed akavua miwani, akaifuta. Fundi anakiri alifurahi. Kidogo tu, maana orodha yake nayo ilikuwa hivyo hivyo.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia. Mama Yunus, mke wa fundi, anachambua dengu. "Mke wa Salamat ni Noor Kolima. Mama Rofik ni Toslima." Akaenda hivyo mpaka wa kumi na sita.

"Umeyajulia wapi?" fundi akamaka.

"Nyie mkipiga simu mnaulizana habari za bendera na maandamano. Sisi tunaulizana nani kazaa, nani kafa."

Basi bibi mwanasheria akamchagua yeye; Alhamisi anazungumza yeye. Wanawake wa mtaa wanamiminika na tambuu zao kumpongeza, na fundi hasalimiwi.

"Miaka thelathini na nne naishi naye, kumbe anajua yote hayo!" analalamika.

"Hukuniuliza, Baba Yunus."

"Na huyo mdogo wako, kutwa yuko hapa, dada hiki, dada kile!"

"Tulieni wote wawili. Mnagombania marehemu kama mnagombania harusi."

Leo fundi anayashona yale majina kwa uzi mwekundu. Anashona, ananuna, anashona. Halafu anasimamisha cherehani.

"Kumi na tano ayataje yeye," anasema. "Moja nimemwomba aniachie. Shomuda Khatun. Dada yangu, baba mmoja mama mmoja. Siku ile ya kikao jina lake nililijua, nikaona haya kulitamka mbele ya wanaume."

Mama Yunus anamtazama kutoka jikoni. "Utalitaja wewe," anamwambia. "Lakini kwa sauti, yule bibi asikie."