Mashine Yangu Ilimwita Alhaji "Mwanangu", Nikamtwisha Lawama Mwanafunzi

Nilimsingizia mtoto wa watu. Naanza na hilo kabisa, maana nikianza na maelezo nitajitetea, na kujitetea ndiko kulikonifikisha hapa.

Mimi ni kijana wa Mitole, Kilwa. Shambani kwetu ni ufuta na korosho. Kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa video za mtandaoni, bando likiisha nasubiri, likipatikana naendelea. Labda ndiyo sababu nina ugonjwa huu: kila ninachofanya nataka kiwe kamili, asije mtu akasema, "Si unaona, hakwenda chuo huyu."

Shule moja ya sekondari pembeni mwa Lindi ilinipa klabu ya kompyuta kila Jumamosi. Wanafunzi waliniita mwalimu. Jamani, neno hilo lina sukari! Nilianza hata kutembea na kalamu mfukoni mwa shati, na sina ninachoandika.

Nilitaka wajifunze kuandika programu kwa kucheza, nikatengeneza gemu. Mchezaji anaandika amri, mtu wake anatembea kijijini, anakata kona, anavuka daraja. Mwisho anafika kwenye lango, na hapo amekaa bibi. Bibi huyo ndiye aliyekuwa na akili mnemba. Ukimwamkia kwenye kipaza sauti akakutambua, anakuitikia inavyostahili na lango linafunguka. Usipomwamkia, hupiti. Wazazi walipenda sana. Walisema hatimaye kompyuta imepata adabu.

Kazi ya klabu ilikuwa kumfundisha bibi salamu. Mashine ya namna ile hujua kile tu ilichosikia, basi kila mwanafunzi alirekodi sauti yake. Na mwanafunzi akiona bibi atasema nini? Shikamoo. Tulijaza shikamoo nyembamba, shikamoo za mafua, shikamoo za wanaocheka. Bibi akawa anaitikia "Marahaba, mwanangu!" bila kukosea. Alama za usahihi wake kwenye skrini zilikuwa kamili. Niliziangalia hizo alama kama mtu anavyomwangalia mchumba.

Mwanahawa ndiye aliyekuja kuniharibia raha.

Ni msichana wa kidato cha nne, mwepesi wa kazi na wa maneno. Jumamosi moja alikuja na simu ya mama yake imejaa sauti za mtaani kwao, Mitwero: wavuvi, mama wauza samaki, bibi yake mwenyewe. "Hujambo mjukuu wangu." "Assalaam aleikum." "Habari za kushinda?" Nyingine zina jogoo nyuma, nyingine zina kikohozi, na bibi yake ana Kimwera kinachomvuta ulimi.

Tulipoziingiza, alama zikashuka. Bibi wa langoni akaanza kusitasita. Moyo ukaniuma kama nimeibiwa.

"Toa hizi," nikasema.

"Mwalimu, sasa mtu mzima akija itamjuaje?"

"Watu wazima hawachezi gemu."

"Ila wanasalimia, Mwalimu."

Wenzake wakacheka. Mimi nikacheka kidogo, cheko la juu juu. Walipoondoka nikazifuta zote. Alama zikarudi kamili, nami nikalala usingizi wa watu wema.

Sasa mjue, kompyuta zile zilinunuliwa na Alhaji. Ni mzee wa korosho, alianza kununua siku zile biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, na Mungu akambariki. Alikuwa ameahidi kuja kutazama kazi, na zaidi ya hapo atamgharimia mwanafunzi mmoja kwenda Dar likizo nzima kujifunza programu kwa wataalamu. Shule nzima ilijua nafasi ni ya Mwanahawa. Mimi mwenyewe nilimpendekeza. Mama yake alishamshonea gauni la safari.

Siku ya Alhaji ilipowadia, shule ilipakwa rangi upande ule tu atakaopita. Mkuu wa shule alikataa tuvue kompyuta nailoni zake, mgeni asije akadhani zimechakaa. Watoto walibonyeza vitufe juu ya nailoni, vikawa vinalia kwaru kwaru. Kulikuwa na wimbo, risala, ngonjera, kisha risala nyingine ya yaliyosahaulika kwenye ile ya kwanza. Hakuna aliyeuliza watoto wamejifunza nini.

Hatimaye ikawa zamu ya gemu. Mwanafunzi akaandika amri, mtu akavuka daraja, akafika langoni. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mwanangu!" Lango wazi. Makofi! Nilihisi miguu haigusi sakafu.

Alhaji akanyanyuka. "Hebu na mimi nimsalimu huyu bibi."

Ole wangu!

Akashika kipaza sauti, akasema kwa upole, "Assalaam aleikum."

"Marahaba, mwanangu!"

Alhaji akadhani hajasikika. "Nimesema, assalaam aleikum."

"Marahaba, mwanangu!"

Akajaribu, "Hujambo, bibi?" Marahaba, mwanangu. Akakohoa. Marahaba, mwanangu! Mkuu wa shule akaruka, "Samahani sana, Alhaji!" na bibi akamwitikia naye. Simu ya mtu ikalia huko nyuma, ikapata marahaba yake. Bibi hakuwahi kufundishwa kingine, basi kila sauti kwake ilikuwa shikamoo.

Mzee mmoja, mtani wake Alhaji, akashindwa kuvumilia. "Alhaji, mjibu mama! Mtoto gani wewe, huna adabu?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Alhaji hakucheka. Alirudisha kipaza sauti mezani taratibu. "Pesa nimetoa mimi," akasema, "halafu inaniita mwanangu. Nani kaifundisha hivi?"

Mkuu wa shule akanigeukia. Wote wakanigeukia. Jasho likanitoka hadi kwenye vidole. Nilichokiona mbele yangu ni lile neno moja tu: hakwenda chuo huyu.

Nikasema, "Kazi ya sauti aliifanya Mwanahawa."

Angalieni ujanja wa shetani. Sentensi ile ukiipima neno kwa neno, haina uongo. Alikusanya sauti kweli. Nilichoacha kusema ni kwamba nilizitupa, na kwamba zingetuokoa.

Mwanahawa akasimama, mikono nyuma, kama walivyofundishwa.

"Ni kweli, binti?" Alhaji akauliza.

Akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Sikumalizia. Na kwetu huku, mtoto hamkanushi mwalimu wake mbele ya wazee. Afadhali apoteze haki kuliko kuonekana ana mdomo. Mimi nililijua hilo vizuri kabisa. Nililitegemea.

"Ndiyo, Alhaji," akasema. "Naomba radhi."

"Dar tutampeleka anayejua kumtambua mtu mzima," akasema Alhaji, na wali ukapakuliwa.

Nafasi ilikwenda kwa mpwa wa mkuu wa shule. Ni kijana mstaarabu sana. Siku alipotangaziwa aliniuliza kama kompyuta ya huko Dar nayo inawashwa ubavuni.

Jumamosi iliyofuata Mwanahawa hakuja. Iliyofuata hawakuja hata wenzake. Nilidhani ni mvua. Haikuwa mvua, walijua wote; walikuwepo siku ile aliponiuliza kuhusu watu wazima. Nikabaki darasani na kompyuta zenye nailoni na bibi wa langoni. Feni ikizunguka, ananiitikia. Nikivuta kiti, ananiitikia. Nilichoka kuitwa mwanangu na kitu nilichokitengeneza mwenyewe!

Mwisho nikaenda Mitwero kwao. Niliandaa maneno njia nzima. Nikamkuta bibi yake uani anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Kabla sijafungua kinywa, akatangulia yeye.

"Shikamoo, mwalimu."

Mungu wangu! Mwanamke wa umri ule, kwangu mimi!

"Bibi, usifanye hivyo…"

"Kwani nimekosea? Nasikia huko kwenye mashine zenu wakubwa ndio wanaoamkia. Itika basi, mwalimu wangu, nisije nikafungiwa lango."

Nikapiga magoti pale kwenye maganda. Nikasema yote: sauti nilizozifuta, sauti yake ikiwemo, na kile nilichosema mbele ya Alhaji. Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni, amevaa lile gauni la safari. Analivaa sasa akifua.

"Nimekusikia, Mwalimu," akasema.

"Nisamehe."

"Mimi na wewe tumemaliza. Lakini ulinisema mbele ya watu. Kanisemee mbele ya watu. Wanafunzi wasio wa klabu wananiita Mwanangu. Nikipita tu, 'Marahaba, Mwanangu!' Hata wa kidato cha kwanza."

"Nitakwenda kwa Alhaji."

"Nenda. Ila anza na mstarini, shule nzima ikiwepo. Alhaji simwoni kila asubuhi. Hao nawaona."

Bibi yake akaongeza bila kuinua macho, "Na usikae ukipamba. Korosho haiongezeki utamu kwa kuibangua mara mbili."

Mkuu wa shule nilimweleza. Alisikiliza kwa huruma, akasema mstarini ruksa, ila nisiingie kwa kina, kijana wake asije akaharibikiwa safari ya Dar. Ndipo nikaanza kuandaa maneno ya kuomba radhi. Jamani, ugonjwa wangu mnaujua sasa! Kila nikiyasoma naona panapwaya. Hapa nimejihurumia, nafuta. Hapa nimetumia neno zito, nafuta. Wiki ikapita, na nyingine. Natafuta radhi kamili, isiyo na dosari, na wakati huo binti wa watu anapita uwanjani kila asubuhi anazomewa.

Ndiyo, mmeona. Nazifuta sauti zake mara ya pili.

Wenzangu mnaofundisha kwa mashine, na nyinyi mnaojifunza peke yenu kama mimi, nawasihi. Alama zikiwa kamili, uliza umemtupa nani ili zikamilike. Ukikosea mbele ya watoto, sema saa ile ile, na kigugumizi chako, na jasho lako. Mtoto anayekuheshimu hatakukanusha. Usiifanye heshima yake kuwa pango lako la kujifichia!

Nimeandika hapa bila jina, na najua huu nao ni woga. Mwanahawa hakuniomba niwaambie nyinyi.

Shule inafungwa kesho, kidato cha nne wanakwenda zao na hawarudi. Asubuhi kuna mstari wa mwisho. Karatasi nimeichana. Nitasimama nianze na jina lake, mengine yatoke yatakavyotoka.