Nilimpa mtu wa sinema jina la Mutinda, na sinema ikaanza kumfuata Mutinda nyumbani

Wakuu, salamu kutoka Zombe, huku Kitui. Sijakuja kutafuta likes. Mutinda yuko hai, mkitaka mje mumuulize.

Mimi shule niliachia darasa la sita. Leo nina video hall mbili, jenereta yangu na plot. Sikusaidiwa na mtu.

Siri ya business ni mdomo wangu. Nashika maiki naeleza sinema live, na wale wa kwa screen nawapatia majina ya watu wa hapa. Watu hulipa kuona jirani akichekwa.

Basi nikapata CD ya comedy ya Ugiriki. Jamaa mmoja maskini, kofia kubwa, ana punda na mkokoteni, mikosi tupu. Maneno sikuelewa hata moja. Kwani shida iko wapi? Nikamuita Mutinda.

Mutinda ni yule anauza maji na punda, hukaa benchi ya mbele. Alicheka kushinda wote.

Nikaigawa siku tatu ili warudi. Siku ya kwanza gurudumu la jamaa lilichomoka. "Mutinda, tairi hiyo inakimbilia Kitui town bila wewe!"

Asubuhi gurudumu la Mutinda likachomoka pale posho mill. Tukacheka.

Siku ya pili punda wa jamaa alilala barabarani, akakataa kuamka. Nikasema, "Amechoka na wewe, Mutinda."

Kesho yake asubuhi punda wa Mutinda akalala. Hakuamka.

Hapo hakuna aliyecheka, wakuu.

Mutinda akanijia, kofia mkononi. "Boss, hiyo kitu inaishaje?"

"Najuaje? Mimi huwa siangalii mbele, nitapoteza utamu."

"Asi! Umenipeleka mahali wewe mwenyewe hujui?"

Nikamwambia aache ushirikina. Akaenda zake mtoni, kwa kile kisima cha kuchimbwa mchangani, sasa akibeba maji kwa mgongo.

Siku hiyo hiyo ya tatu, saa tisa mchana, hall imejaa. Benchi ya mbele iko na nafasi moja. Watu wamebanana lakini hapo hakuna aliyekaa.

Kwa screen jamaa anaingia shimo. Kiuno. Kifua. Ikabaki kofia. Wazungu wa huko ndani ya sinema wanacheka.

Nikasimama wima. Halafu nikajisikia nikipiga nduru kwa maiki, "Mutinda! Toka! Toka sasa hivi!"

Hall ikaangua kicheko. CD ikakwama hapo hapo, kofia juu ya shimo.

Baadaye kidogo mlango ukafunguka. Mutinda, mchanga mpaka kwa kope.

"Boss, umeniitia nini?"

Alikuwa ndani ya kisima. Akasikia sauti yangu juu ya kichwa, akapanda kuona ni nini. Mchanga ukaporomoka, kisima kikajifunga nyuma yake.

Wakuu, spika yangu haifiki hata posho mill. Mto uko nyuma ya vilima viwili.

Mzee mmoja akasema, "Basi malizia, lakini huyo wa kofia tumuite jina lako." Nikazima jenereta. Pesa za watu nikarudisha, mimi ambaye sijawahi kurudisha.

Nilichojifunza: usimvalishe mtu aliye hai mikosi ambayo hujaona mwisho wake.

CD iko kwa kabati, nimeifunga na kitambaa, naogopa kuimalizia. Mutinda nimemnunulia punda, lakini haendi mtoni kabla hajapita kwangu kuniuliza swali lile lile, inaishaje. Nawauliza nyinyi, mliosoma na kutembea: kama kuna aliyeiona hiyo sinema, yule jamaa alitoka shimoni?